Shule za msingi zenye madarasa yasiyo na kuta: mtoto anasikia nini humo ndani?

Mama_Wawili (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni. Niko Uingereza, upande wa Midlands, nina watoto wawili, mkubwa yuko mwaka wa pili shule ya msingi. Shule yenyewe ilijengwa miaka ya 70 na haina madarasa kama tuliyoyazoea. Ni bwalo moja pana lenye zulia, limegawanywa kwa rafu za vitabu zinazoishia kifuani kwa mtu mzima. Kila kona ina darasa lake, mwalimu wake na ubao wake. Katikati kuna masinki na meza za kuchorea, wanazitumia kwa zamu. Milango ya kufunga ni ya vyoo na ya kijichumba kimoja wanachokiita chumba cha utulivu, ambacho siku hizi kimejaa maboksi.

Nilipopaona mara ya kwanza nilipapenda. Watoto wanatembea kwa uhuru, hakuna fimbo, hakuna kufokewa. Shida imeanza mwaka huu. Ripoti inasema mtoto "hafuati maelekezo". Nyumbani anafuata, kwa Kiswahili na kwa Kiingereza. Masikio tumempima hospitali, wakasema yako sawa. Nikaomba kukaa darasani asubuhi moja. Mwalimu wake alikuwa anawasomea hadithi kwa sauti ya upole, ng'ambo ya rafu darasa jingine linaimba tebo ya tatu, na nyuma yetu mwalimu msaidizi anawafundisha watoto watatu sauti za herufi. Mimi mtu mzima hadithi ilinipotea njiani.

Naomba kujua: hili wazo la kuondoa kuta lilitoka wapi? Kuna faida yoyote iliyopimwa? Na nyie walimu mliomo humu, mnaweza kweli kufundisha namna hiyo? Na tafadhali, asije mtu kuniambia nimrudishe mtoto Bongo.

Kisiki_cha_Mpingo

Mrudishe Bongo akasome chini ya mwembe, kule nako kuta hakuna.

Natania, dada. Nakaa siti ya mbele, waje wataalamu.

ChakiNyeupe

Mleta uzi, nitaanza na historia kwa sababu niliisomea.

Wengi hudhani darasa la kuta nne ndilo la asili na hili la wazi ni uzushi wa juzi. Joseph Lancaster alipofungua shule yake ya Borough Road, London, mwaka 1798, mfumo wake ulikuwa ukumbi mmoja, watoto mamia kwa mamia, mwalimu mmoja, na viranja wakiwafundisha wadogo kwa makundi. Watoto wa maskini wa Uingereza walisoma hivyo kwa miongo mingi. Kuta zilishamiri baada ya sheria ya elimu ya 1870, miji ilipoanza kujenga shule zake yenyewe na kupata walimu wa kutosha kumpa kila mmoja chumba chake.

Wimbi lililokukuta wewe lina wazazi wengine. Walikuwapo wasanifu majengo wawili, mtu na mkewe, David na Mary Medd, waajiriwa wa wizara ya elimu. Walikuwa na desturi ambayo ningependa wasanifu wetu waige: walikwenda kukaa shuleni kutazama mtoto anafanya nini hasa, ndipo wakachora. Katika shule ndogo za vijijini wakaona mwalimu ana watoto wa umri mbalimbali, kila mmoja na kazi yake mkononi, na mambo yanakwenda. Mwaka 1959 ikafunguliwa shule ya Finmere, kijiji cha Oxfordshire, ya watoto kama 50. Korido hakuna. Kuna pembe ya kusomea, pembe ya rangi na maji, mahali pa kukaa kimya, na kuta za kukunja za kutenganisha watu inapobidi. Katikati ya miaka ya 60 ikaja shule ya Eveline Lowe, kusini mwa London, kwa mawazo hayohayo. Mwaka 1967 ikatoka ripoti ya kamati iliyoongozwa na Bridget Plowden, ikisisitiza kwamba mtoto ajifunze kwa kugundua, kwa kasi yake, peke yake au katika kikundi kidogo. Baada ya hapo kila halmashauri ikataka shule ya wazi.

Lakini pesa nayo ilikuwapo mezani. Tangu karibu mwaka 1950 serikali iliweka kikomo cha gharama kwa kila nafasi ya mwanafunzi, na watoto waliozaliwa baada ya vita walikuwa wengi. Akina Medd waliondoa korido ili zile mita za mraba apewe mtoto. Wengine waliofuata wakaondoa korido, wakaondoa na kuta za kukunja, wakapunguza na chumba cha utulivu, kisha wakaiita hiyo elimu ya kisasa. Mpango wa watoto 50 wa kijijini ukatandazwa juu ya watoto mia tatu wa mjini.

Kalamu_ya_Mkaa

Kwa hiyo ni ubahili uliovishwa suti.

Na matokeo yake si yanajulikana? Mwaka 1976 mtafiti Neville Bennett wa Chuo Kikuu cha Lancaster alionyesha kuwa watoto wa walimu wa mtindo wa zamani walisonga mbele zaidi katika kusoma na hesabu. Mwaka huohuo ikatoka ripoti ya uchunguzi wa shule ya William Tyndale, Islington, ambako uhuru wa watoto ulizidi mpaka wazazi wakawahamisha na walimu wakagoma. Oktoba ya mwaka huo waziri mkuu Callaghan akahutubia chuo cha Ruskin, Oxford, akahoji shule zinafanya nini. Mjadala ulifungwa hapo. Sielewi kwa nini mtoto wa leo bado anakalishwa humo.

ChakiNyeupe

Mkuu Kalamu, umechanganya vitu viwili ambavyo hata magazeti ya wakati ule yalivichanganya.

Bennett wa 1976 alipima mitindo ya ufundishaji, kwa walimu 37. Hakupima majengo. Tena mwaka 1981 yeye na wenzake walizipiga upya hesabu zilezile kwa njia bora za takwimu, na ile tofauti kubwa iliyopigiwa kelele ikayeyuka kwa sehemu kubwa. Hiyo ya 1981 haikutoka ukurasa wa mbele. William Tyndale nayo jengo lake lilikuwa la kizamani. Ugomvi wa pale ulitokea ndani ya kuta nzuri tu.

Bennett aliyahusu majengo ya wazi katika kazi nyingine, ya 1980. Alichokikuta ni kwamba jengo haliamui mwalimu afundishe vipi. Ndani ya shule za wazi zilizofanana unakuta mmoja anafundisha kama wa zamani, ameziba pande zote kwa makabati, na mwingine anashirikiana na jirani yake siku nzima. Wizara ilitoa bwalo, ikadhani njia ya kufundisha itaota yenyewe.

Kuna na utafiti mwingine wa miaka hiyo, ORACLE, wa Chuo Kikuu cha Leicester, Maurice Galton na Brian Simon. Waliketi madarasani kwa miaka wakiandika nani anasema na nani. Watoto walikaa kwa vikundi mezani, lakini kila mmoja alifanya kazi yake peke yake. Kikundi kilikuwa cha viti tu. Mwalimu alizunguka mtoto kwa mtoto kutwa nzima, na kila mtoto akaambulia dakika chache. Haya niliyasoma nikiwa nimeshafundisha darasa la watoto 90, nikacheka peke yangu maktaba.

Fundi_Dari

Nimechelewa kuingia. Mimi kazi yangu ni dari na vizuia sauti, nimefanya kumbi, misikiti, studio na shule kadhaa. Naomba tuache siasa kidogo, tuongelee sauti.

Sauti ya mwalimu inapungua kadiri unavyokwenda mbali naye. Aliyekaa mkekani mbele yake anaipata nzima. Aliye mita tano nyuma anapata iliyochoka, na hapohapo anapokea sauti ya mwalimu wa pili ambaye pengine yuko karibu naye kuliko wa kwake. Mtoto mdogo anahitaji sauti ya mwalimu iizidi kelele kwa takriban desibeli 15 ili apate maneno bila kuhangaika. Kwenye bwalo kama la dada hapo juu hupati hiyo, labda majirani wote wamelala.

Mtu mzima anasalimika kwa sababu anaziba mapengo. Akisikia "fungua ... wa kumi na mbili" anajua ni ukurasa. Mtoto wa miaka sita hana akiba hiyo ya lugha. Mwenye lugha mbili anapata taabu zaidi kwa ile lugha ambayo bado anaijenga. Uwezo wa kuchambua maneno katikati ya kelele unakomaa polepole mpaka umri wa ujana.

Rafu za kifuani hazizuii kitu. Sauti inapita juu, inagonga dari, inashuka upande wa pili. Zulia linapunguza vishindo vya viti na miguu, na hiyo ni faida, ila maneno ya jirani halikuondolei. Halafu kuna jambo wengi hawalijui: kelele mbaya zaidi darasani si ile ya ngurumo. Feni au barabara ya mbali akili huizoea. Mazungumzo yanayoeleweka ndiyo yanayoiba akili, maana sikio halijui kukataa maana. Hadithi ya jirani ikiwa tamu kuliko yako, umekwisha.

Huko Australia mtafiti Kiri Mealings wa Chuo Kikuu cha Macquarie alilipima hili na watoto wa mwaka wa kwanza wa shule, matokeo yakatoka 2015. Alichukua darasa la kufungwa lenye watoto 25, la watoto 44, la wazi la watoto 91, na bwalo la watoto 205. Kadiri eneo lilivyokuwa wazi na lenye kelele, maneno yaliyosikika sawasawa yalipungua, na waliokaa mbali na mwalimu ndio waliopoteza zaidi. Uingereza kwenyewe tangu 2003 shule mpya zina kanuni za sauti, na eneo la wazi linatakiwa lipimwe kama maneno yanasikika vizuri. Shule ya miaka ya 70 ilijengwa kabla ya hayo yote.

Na zile kuta za kukunja alizozitaja ChakiNyeupe: zikifanywa nyepesi kwa kubana bei, zinazuia macho tu. Nimezifungua nyingi. Ndani unakuta ubao mwembamba na hewa.

Mtoto_wa_Makunduchi

Assalaam aleikum. Nimesoma yote, lakini kuna jambo linanigomba.

Sisi tumesoma chuoni, yaani madrasa. Chumba kimoja, au baraza tu, watoto thelathini, kila mtu na juzuu yake, kila mtu anasoma kwa sauti, tena kwa sauti ya juu kwa sababu ukinyamaza maalim anajua umelala. Huyu yuko Amma, yule yuko Tabaraka, mwengine ndio kwanza alifu na be. Mpita njia anasikia ghasia tupu. Na watu wamehitimu hapo karne kwa karne. Maalim yuko kwenye mkeka wake, ukikosea irabu moja anakurudi bila kuinua kichwa. Kwa hiyo kelele peke yake haiwezi kuwa ndiyo tatizo.

ChakiNyeupe

Waaleikum salaam, ndugu yangu. Huo mfano ni mzuri kuliko yote iliyotolewa humu, na nadhani ndio unaolifungua jambo.

Chuoni mtoto husomi kwa kumsikiliza maalim akihutubia wote. Unasoma kilicho mbele yako, kwa sauti yako mwenyewe, na hiyo sauti yako ndiyo inayofunika za wengine. Zamu yako ikifika unaitwa, unakaa mbele yake magoti kwa magoti, anakusikiliza wewe peke yako na kukupa sehemu mpya. Na siku maalim anapotaka kuwaeleza nyote jambo moja, hupiga mkeka kwa bakora, watu wote kimya. Hakuna maalim wa pili anayehutubia upande wa pili wa baraza.

Jengo la akina Medd lilikusudiwa kitu cha namna hiyo: kila mtoto na kazi yake, mwalimu anamwinamia mmoja mmoja, sauti za chini. Kwa kazi hiyo bwalo linafaa. Kilichotokea ni kwamba ufundishaji uliomo ndani umebadilishwa. Mwaka 1988 Uingereza ikapata mtaala wa taifa. Septemba 1998 ikaja saa ya kusoma na kuandika kila siku, mwalimu akisimama mbele ya darasa zima kwa sehemu kubwa ya saa hiyo, na mwaka uliofuata hesabu zikafuata mkondo huo. Kisha ukaja mkazo wa sauti za herufi, na tangu 2012 watoto wa mwaka wa kwanza wanapimwa nchi nzima kwa sauti hizo. Haya yote ni mafundisho ya kusikiliza. Walimu wanne wanafundisha darasa zima, saa ileile, ndani ya bwalo lililochorwa kwa ajili ya watoto wanaofanya kazi kimyakimya.

Nani alirudi kwenye majengo kuuliza yataweza? Serikali hubadili mtaala kwa waraka. Ukuta unataka saruji.

Fundi_Dari

Hapo umenigusa penyewe. Baadhi ya sauti za herufi za Kiingereza ni dhaifu kabisa: f, na ile th. Hazina nguvu ya koo, ni upepo wa meno na midomo. Kelele kidogo tu zinafutika. Irabu zinabaki, kwa hiyo mtoto anasikia kwamba mwalimu amesema kitu, ila hajui ni kipi. Kisha anaandikiwa kwenye ripoti kwamba hafuati maelekezo.

Nyayo254

Hamjambo wenzangu. Mimi ni mwalimu Nairobi, shule ya mabati, nafunza gredi ya pili. Nyinyi mnaongea kuhusu shule za wazi kama kitu cha kizungu, lakini sisi tuko ndani yake na hakuna mtu aliyetuuliza kama ni falsafa.

Madarasa yetu yametenganishwa na plywood ambayo haifiki juu. Kuna nafasi kubwa kati ya ubao na mabati ya paa. Gredi ya kwanza wakiimba, wangu wanaimba pia, hata kama ni somo la hisabati. Mvua ikinyesha hatufunzi, tunangoja tu, au nawapa kazi ya kuchora.

Tumejipanga hivi. Kila Jumatatu asubuhi, kabla ya gwaride, sisi watatu tunaopakana tunaketi na ratiba. Kipindi cha nyimbo na mashairi tunakiweka saa ileile sote. Nikiwa na kusoma kwa sauti, jirani anawapa wake kuandika. Mtaala wa umilisi unataka vikundi na mazungumzo kila somo, basi tunapeana zamu, ama tunawatoa nje uwanjani kikundi kimoja. Si kamilifu. Kuna siku mwalimu mmoja hayuko na mpango wote unavunjika. Lakini tangu tuanze, sipotezi sauti kufikia Alhamisi kama zamani.

Mimi swali langu kwa huyo mama: hao walimu wanne wa huko huwa wanaketi pamoja?

Kisiki_cha_Mpingo

Mwalimu Nyayo, hapo kwenye gwaride nimecheka lakini umesema kweli.

Sasa niache utani. Mwaka 2016 elimu bila ada ilipoanza, darasa la kwanza lilifurika shuleni kwetu. Tukaweka mikondo miwili chumba kimoja, ubao huku na ubao kule, watoto wamepeana migongo. Mimi nikifundisha kusoma, mwenzangu kuhesabu. Watoto wa katikati, wale waliokaa mgongo kwa mgongo, ndio walioumia. Hao hawakujua wamsikilize nani. Mpaka leo ukiniuliza nani hakujua kusoma mwaka ule, nakutajia walikokaa.

Kusini_ya_Kusini

Salaam kutoka Auckland. Huku wimbi hili lilirudi upya kabisa, kwa jina jipya. Baada ya tetemeko la Christchurch la Februari 2011 shule nyingi zilijengwa upya, na serikali ikachukua nafasi hiyo kujenga mabwalo ya kisasa: walimu wawili au watatu pamoja, watoto sitini hadi tisini, viti vya magurudumu, mito ya kukalia, vioo kila mahali. Picha zake ni nzuri sana.

Miaka kadhaa baadaye shule zikaanza kurudisha kuta kwa pesa zao. Julai 2025 waziri wa elimu, Erica Stanford, akatangaza kwamba serikali haitajenga tena madarasa ya wazi. Wazazi wengi walifurahi. Mimi mwanangu alisoma humo na akafanya vizuri, tena walimu wake watatu walikuwa wanaelewana kama ndugu. Wa pili yake alipata walimu wasiosalimiana. Jengo ni lilelile.

Bi_Msaidizi

Nami ni mwalimu msaidizi Uingereza, shule ya wazi, na nazipenda. Naomba mnivumilie.

Nimefanya pia kazi kwenye shule ya vyumba vilivyofungwa. Huko mwalimu mpya akilemewa, hakuna anayejua mpaka mzazi aje analia. Huku anaonekana siku ya kwanza, na mkongwe anavuka rafu kumsaidia bila kumwaibisha. Ameona mwenzake anatulizaje darasa, naye kesho anajaribu. Mtoto asiyeelewana na mwalimu wake ana watu wazima wengine watatu wanaomjua kwa jina. Na hakuna mtu mzima anayeweza kumfokea mtoto kupita kiasi mbele ya macho ya wenzake. Nyote mliosoma kwetu mnajua mlango wa darasa ukifungwa kilichokuwa kinaweza kutokea nyuma yake. Mimi najua.

Kwa hiyo mtu akisema arudishe kuta zote, namuuliza ataweka wapi haya. Kelele ni kweli ipo. Watoto wenye usikivu hafifu, na wale ambao akili zao huchoshwa na msongamano, wanaumia na lazima wapewe mahali pengine. Ila shule yetu hakuna mwalimu anayehutubia huku jirani anahutubia. Tumekubaliana. Na chumba cha utulivu ni cha utulivu, maboksi yana stoo.

Kalamu_ya_Mkaa

Bi Msaidizi, hoja ya mlango uliofungwa nimeielewa, siipingi. Lakini umeona unachosema? Shule yenu inafaa kwa sababu mna watu waliokubaliana. Mwalimu mkuu akihama na wawili wakafuata, mtoto anabaki na bwalo. Ukuta hauhitaji kikao. Mimi shule ya mwanangu nitaichagua yenye ukuta wenye dirisha la kioo, watu wakutazame ila wasikusikie.

Bi_Msaidizi

Huo ukuta wa kioo nami nitauchukua, ukilipia wewe.

Mama_Wawili (mleta uzi)

Asanteni sana, sikutegemea yote haya. Nimemwandikia mwalimu mkuu kuomba kikao wiki ijayo. Sitaki kwenda kugombana, maana mwalimu wa mtoto ni binti mwema na mwenyewe anaonekana amechoka koo. Niulize nini hasa? Na kuhusu masikio, si walishasema yako sawa?

Fundi_Dari

Kuhusu masikio: kipimo cha kawaida kinafanyika kwenye chumba kimya, mtoto anabonyeza akisikia mlio. Hicho hakisemi anayapataje maneno katikati ya maneno mengine. Muombe daktari kipimo cha kusikia maneno penye kelele. Pia waulize kama walitazama maji nyuma ya ngoma ya sikio. Kwa watoto wadogo maji hayo huja na kuondoka, hasa wakati wa mafua, kwa hiyo mwezi mmoja anapima vizuri na mwezi wa pili hasikii vema.

Bi_Msaidizi

Shuleni anza na mratibu wa mahitaji maalumu, hata kama mtoto hana jina la tatizo lolote. Yeye ndiye mwenye mamlaka ya kusogeza watu. Omba mtoto akae mbele kabisa wakati wa hadithi na wa sauti za herufi, upande wa mbali na rafu ya jirani. Omba kikundi chake cha sauti za herufi kihamie kile chumba chenye maboksi. Hili lisikutie aibu kulisema, maboksi yanahamishika. Uliza ratiba za madarasa manne zimepangwa pamoja au kila mtu na yake. Na uliza kama wana kipaza sauti cha darasani, mwalimu anavaa kifaa kidogo shingoni na spika zinasambaza sauti yake. Kwenye shule ya wazi kina hasara, maana spika hiyo ni kelele kwa jirani, kwa hiyo wakikutajia kama dawa ya kila kitu, waulize jirani atafanyaje.

Na huyo binti mwambie umeona kazi yake ni ngumu. Wazazi huwa hawalisemi.

ChakiNyeupe

Mimi ningeongeza moja tu. Usiende na neno "wazi" wala "kuta". Wamelisikia miaka yote, watakuonyesha picha za mradi wa kukarabati usiokuja. Nenda na ratiba ya siku ya mtoto, kipindi kwa kipindi, uulize kila kipindi jirani anafanya nini.

Nyayo254

Fundi, kabla uzi haujafungwa, nisaidie na mimi. Tuna mzazi seremala amejitolea. Pesa ni kidogo sana. Tuongeze plywood ya pili juu ya ile iliyopo iwe nene, ama tufanye nini?

Fundi_Dari

Mwalimu, msiongeze unene kwanza. Nafasi ya juu ikiwa wazi, hata ukuta wa zege hautawasaidia, sauti itapita hukohuko juu. Plywood yote mliyopata ipelekeni kuziba kati ya ukuta na paa. Ikatwe ifuate mikunjo ya mabati, na nyufa mzijaze kwa matambara au maboksi ya karatasi yaliyobanwa. Pembeni acheni matundu ya hewa upande wa nje tu, si upande wa darasa jirani. Kisha mkiweza kupata dari, hata ya magunia yaliyovutwa vizuri chini ya mabati, itapunguza mwangwi na kidogo kishindo cha mvua, ila muangalie moto kama mna umeme wa kuungaunga. Ubao wa gredi ya kwanza uhamishwe uwe ukuta wa mbali na wenu, mwalimu wao asielekeze sauti kwenu. Hilo ni la bure, mnaweza kulifanya kesho.

Nipe urefu wa ukuta, na kimo kutoka juu ya plywood mpaka paa, pale katikati na pale pembeni. Nitakupigia hesabu ya mbao ngapi.

Nyayo254

Shukrani. Seremala anakuja Jumamosi na futi kamba, nitakuandikia inbox.